KUUZA TUNDA KABLA HALIJAIVA

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyewaumba waja wake mbali mbali kwa rangi na ndimi na vipawa. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake.

Ama baada ya haya. Enyi ndugu zetu wa Mabira na Karagwe yote, mwaijua butura. Mtu amebanwa na dhiki, mibuni yake imetoa maua tu, naye amwendea mwenye fedha. Hupewa kidogo leo, na msimu ufikapo, buni zikawa nyekundu, mavuno si yake tena. Serikali imeipiga marufuku biashara hii, na Sheria yetu ilitangulia kuikataza. Mtume (s.a.w.) alizuia kuuzwa matunda mpaka dalili ya kuiva ionekane, kwani Mungu akilizuia tunda, muuzaji amekula mali ya nduguye kwa kitu gani? Na wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wasema: tunda lisiloonyesha kuiva haliuzwi peke yake likiwa mtini ila kwa sharti la kukatwa pale pale.

Basi tazameni wafanyiwavyo watoto. Kijana wa miaka 12 ameonekana ana akili ya hesabu, au mkono wa kuunda vitu. Babaye amtoa chuoni na shuleni akachunge ng'ombe wa watu, kwa ujira usiozidi chumvi na sabuni. Hii ni butura ya mwanadamu, nayo yashinda ile ya buni kwa ubaya, kwa kuwa mibuni itachanua tena mwakani. Mtoto huyu ameuzwa kwa sharti la kukatwa.

Atasema mtu: Mimi ni maskini, nifanyeje? Imamu Shafii alizaliwa Ghaza mwaka 150 wa Hijria (767), akawa yatima, mamaye akamchukua Makka hali hana cha kumlipa mwalimu. Mwalimu akaona kwamba kitoto kile chashika haraka masomo ya wenzake. Akaridhika kimsimamie wanafunzi kila yeye aondokapo, iwe ndiyo ada. Kijana akiandika juu ya mifupa kwa kukosa karatasi. Mama yule alikuwa na dhiki kuliko wengi wetu, wala hakumuuza.

Na mtazameni mwalimu pia, maana wako walimu wa vyuo (nao si haba) wajuao fimbo moja kwa watoto wote. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliletewa Zaid bin Thabit, yapata miaka 11, akaona hifadhi yake, akamwamrisha ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayamudu kwa nusu mwezi. Kijana huyo ndiye ambaye Abubakar alimkabidhi kazi ya kuikusanya Kurani. Bilali hakuamrishwa vile, bali aliadhinishwa kwa sauti yake.

Wala asidhani mtu kwamba kipawa ni cha elimu ya dini tu. Imamu Ghazali ameihesabu tiba, na hesabu, na ukulima, na ufumaji kuwa faradhi ya kutosheana; akalalamika kwamba watu wa zama zake wasongamana katika fikihi, na miji mingi haina tabibu Mwislamu. Je, Mabira tuna wangapi? Tangu 2010 nchi za Afrika Mashariki zimefungua soko la pamoja, na Uganda na Rwanda ziko mpakani petu. Fundi stadi wa huko atakuja kushindana na mwanao, ajapo kutaka asitake.

Ada ya shule za serikali imeondolewa tangu 2016 hata kidato cha nne, lakini tumbo na daftari zimebaki. Kwa hiyo twawaomba wenye nafasi: msimu huu, kabla mwenye dhiki hajaenda kwa mwenye butura, aje msikitini aseme, akopeshwe kwa kardhi hasani isiyo na ziada, alipe buni zikiiva. Na aliyekwisha kumpeleka mwanawe kwenye ng'ombe wa watu na aende akamrudishe. Deni la bwana wa ng'ombe tutalichanga sote baada ya sala ya Ijumaa.

Wabillahi taufiki.