Nyumba ya Mnada: Je, Tununue?



Mara mbili mwaka huu tumeulizwa swali moja na watu wa parishi hii, tena kwa sauti ya chini, baada ya ibada, pale chini ya mwembe. Nyumba ya fulani imetangazwa gazetini; benki yaiuza kwa kuwa mkopo haukulipwa; bei itakuwa nafuu. Je, Mkristo aweza kuinunua na kulala humo usingizi mzuri?

Kwanza tuseme juu ya hatari, maana wengi hudhani nyumba ya mnada ni kama embe lililoanguka, kazi yako ni kuinama tu. Sivyo. Mara nyingi hutapata hata nafasi ya kuingia ndani kuitazama, kwa sababu mwenyewe bado anakaa humo. Nyundo ya dalali ikishapigwa, kwa kawaida watakiwa utoe robo ya bei papo hapo, na kilichobaki ndani ya siku 90. Ukishindwa, robo yako iko hatarini. Kisha kuna malimbikizo ya kodi ya ardhi, kuna watu wa kuhamishwa, na kuna kesi. Hapa Kenya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yaitaka benki impe mdaiwa ilani ya muda usiopungua miezi 3 alipe deni, kisha ilani nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza, na dalali naye hutoa yake ya siku 45. Tena, ikiwa ni nyumba ya ndoa, rehani haina nguvu pasipo sahihi au ridhaa ya mume au mke wa aliyekopa. Hatua moja ikirukwa, mahakama yaweza kuusimamisha mnada asubuhi ile ile uliyokwenda na pesa zako.

Ni kweli sheria humlinda aliyenunua kwa nia njema, na mdaiwa aliyeonewa huachiwa kudai fidia kwa aliyeuza. Lakini hati ikiwa na ila tangu mwanzo, ulinzi huo ni mwembamba. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kiwanja kimoja cha Nyali, Mombasa, ikasema kwamba kushika hati peke yake hakumwokoi mnunuzi ikiwa ardhi yenyewe ilitolewa kinyume cha sheria hapo kwanza. Kwa hiyo wakili, na kukagua daftari katika ofisi ya ardhi, si anasa.

Hayo wakili atayaeleza vizuri kuliko sisi. Linalotusumbua ni la pili, nalo halimo katika ilani yoyote.

Miaka kadhaa iliyopita nyumba ya ndugu mmoja wetu ilipigwa mnada. Alikuwa amekopa kwa ajili ya biashara, na biashara ikafa. Sisi tulikubaliana, bila kikao wala kuandika, kwamba hakuna mtu wa kanisa atakayekwenda. Twawezaje kumnyang'anya mwenzetu paa huku tukishiriki naye meza moja? Tuliona tumefanya jambo jema, na hata tulijisifu kidogo. Siku ya mnada wakaja watu wachache tu, wageni, wakashindana kwa ulegevu, na nyumba ikaenda kwa bei ya kusikitisha. Ndipo tukajifunza lile ambalo tungepaswa kulijua mapema. Bei ikizidi deni, kinachobaki ni cha mdaiwa. Bei ikipungua, deni lililobaki humfuata. Ndugu yule alipoteza nyumba na bado akadaiwa. Hakutulaumu. Mkewe ndiye aliyetuuliza, “Mlikuwa wapi siku ile?” Nasi hatukuwa na jibu, maana tulikuwa nyumbani, tukimhurumia.

Tangu hapo hatuwezi kusema kwamba kununua ni dhambi. Anayetoa bei ya haki kwa nyumba ya mnada huenda amemsaidia mwenye nyumba kuliko sisi tuliokaa mbali na mikono safi. Lakini hatuwezi pia kusema ni biashara kama biashara nyingine. Mtu anayekwenda akiomba moyoni wengine wasije, ili aokote kwa bei ya kutupa, anajenga unafuu wake juu ya deni litakalobaki shingoni mwa jirani. Sheria huenda isimguse. Je, hilo latosha?

Tukisoma Mambo ya Walawi sura ya 25 twakuta kwamba aliyeuza nyumba ndani ya mji wenye boma alipewa mwaka mzima wa kuikomboa, na baada ya hapo ikawa ya mnunuzi daima. Twaipenda sheria hiyo kwa sababu yawakumbuka wote wawili: haimfanyi mnunuzi kuwa mwizi, wala haimsahau aliyetoka. Siku hizi mlango wa kukomboa hufungwa nyundo inapopigwa. Kwa hiyo la kufanya hufanywa kabla. Katika ile miezi ya ilani mdaiwa aweza kutafuta mnunuzi wake mwenyewe, benki ikikubali, na mara nyingi bei hiyo huwa bora kuliko ya dalali. Shida ni aibu. Mdaiwa huficha ilani chini ya godoro, nasi tukipita mlangoni pake twajifanya hatukusoma gazeti.

Nyumba tuliyoulizwa mara ya pili ina makaburi mawili nyuma ya jiko. Mnada umebakiwa na wiki tano. Yule aliyetuuliza alitaka kujua tu kama afike kwa dalali na hundi. Tulimwomba kwanza afike kwa mwenye nyumba, tukamwambia tutafuatana naye, maana peke yake aliona haya. Tunakwenda Jumamosi jioni.