Meza na Neno

Katika madaraja matatu ya utumishi wa makanisa ya kale, yaani askofu, kasisi na shemasi, shemasi ndiye wa chini. Wengi humtazama kama watazamavyo kidato cha kwanza cha ngazi: hukanyagwa ili kupandia, wala hapana akaaye juu yake. Je, utumishi wake ni mdogo kweli, au kipimo cha wapimao ndicho chenye hitilafu?

Jina lenyewe halina fahari. Kwa Kiyunani huitwa diakonos, maana yake mtumishi. Asili ya kazi yake hutafutwa kwa desturi katika mlango wa sita wa Matendo ya Mitume. Kitabu hicho hakiwaiti wale watu saba mashemasi. Lakini Irenaeus, askofu wa Lyon katika karne ya pili, alimtaja Stefano kuwa shemasi wa kwanza, na wengi wakamfuata.

Huko Yerusalemu palizuka manung'uniko. Wajane wa Wayahudi wasemao Kiyunani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Haisemwi kwamba chakula kilikuwa haba. Yasemwa kwamba wengine hawakufikiwa. Mitume walikataa kuliacha Neno ili wahudumu mezani, na hapa msomaji mwenye haraka huhukumu kwamba Neno ni kazi ya wakubwa, meza ni kazi ya wadogo. Lakini sharti waliloliweka lakanusha hukumu hiyo: walitaka watu wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Kama kugawa mkate kungalikuwa kazi duni, mtu ye yote mwenye mikono miwili angalitosha. Tena, majina ya wote saba ni ya Kiyunani. Yaelekea walionung'unika ndio waliokabidhiwa ghala.

Mgawaji ana mamlaka asiyo nayo mhubiri. Hotuba mbaya husikiwa na wote, na yaweza kupingwa. Mgawo mbaya hufanyika kimya, na apunjwaye aghalabu ni mnyonge asiye na mtetezi. Wahenga walinena: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini agawaye mali ya wengi ahitaji zaidi ya moyo. Ahitaji uadilifu wa kutompendelea jamaa yake na ujasiri wa kuwakatalia wakubwa.

Mzigo huo haukuwa mwepesi. Yapata mwaka 251, Kornelio, askofu wa Roma, aliandika kwamba kanisa lake lina makasisi 46, mashemasi 7, na wajane na wenye dhiki zaidi ya 1,500. Mwaka 258 shemasi Laurenti aliuawa mjini humo katika mateso ya Kaisari Valerian. Mapokeo yasema kwamba alipotakiwa kutoa hazina ya kanisa aliwaleta maskini.

Yaweza kujibiwa kwamba mashemasi nao waliingiwa na kiburi. Ni kweli. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulilazimika kuwakataza wasiwape makasisi komunyo wala wasiketi kati yao. Baadaye, katika kanisa la magharibi, ushemasi ulififia ukawa kituo kifupi cha mtu aelekeaye ukasisi, hata Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipoamua mwaka 1964 kwamba waweza kurudishwa kuwa daraja la kudumu. Na mwaka 1967 Papa Paulo VI akautolea kanuni. Kiburi kile na haraka hii vina mzizi mmoja: mtumishi kutazama juu. Akazaye macho kwenye cheo kilicho mbele yake hamwoni aliyeketi mezani pake.

Stefano alichaguliwa kwa ajili ya meza, naye akalinena Neno hata akapigwa mawe. Meza haikumpunguzia kitu. Lakini kanisa lenye wahubiri hodari na mgawo wa upendeleo limekanusha kwa mkono lililolisema kwa kinywa. Na mjane aliyerudi nyumbani na kapu tupu ndiye shahidi wake.