Je, Msalaba Ni Vazi la Mchezo?

Katika inchi ya Poland, mahali paitwapo Grunwald, watu hukusanyika kila mwaka mwezi wa Julai kuonyesha vita vya zamani. Wengine huvaa joho jeupe lenye msalaba mweusi, kwa mfano wa Shirika la Wateutoni, watawa waliokuwa askari. Hushika panga butu, hupigana, huanguka. Na vita vikiisha, waliokufa huamka wakaenda kula.

Mtu atauliza: Si dhambi kuvaa msalaba kwa mchezo? Tufikiri polepole.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba mchezo wenye kiasi wapumzisha roho, na kazi ya kuigiza si mbaya kwa yenyewe. Mwongo ataka kudanganya. Lakini pale kila mtazamaji ajua kwamba yule si mtawa. Hata hivyo Eklezya haikukubali kila mchezo. Mwaka 1139 Mtaguso wa pili wa Laterano ulikataza mashindano ya askari wapanda farasi, kwa sababu watu walikufa humo na roho zao zilikuwa hatarini.

Sasa tuwaangalie Wateutoni wenyewe. Shirika lao lilianza mwaka 1190 huko Acre, katika Inchi Takatifu, kwa kuuguza wagonjwa. Mwaka 1198 likapewa na kazi ya vita. Nadhiri zao zilikuwa za kweli: ufukara, usafi na utii. Lakini tarehe 15 Julai 1410, pale Grunwald, walipigana na mfalme Jagiełło, aliyebatizwa mwaka 1386. Mkubwa wao, Ulrich von Jungingen, akauawa pamoja na watu wengi sana. Wabatizwa waliua wabatizwa.

Basi, ni nani aliyeuaibisha msalaba zaidi: yule auvaaye kwa mchezo, asiyemtakia mtu mabaya, ao yule aliyeuvaa kwa nadhiri akaenda nao kumwaga damu ya ndugu?

Shirika lile lingali hai. Tangu mwaka 1929 si la vita tena. Ni la mapadri, na masista wamo pia.

Nasi twavaa msalaba shingoni, wala si kwa mchezo. Kwa hiyo hesabu yetu ni nzito. Mwenye kuuvaa akimchukia jirani wa kabila lingine, amekwisha kuingia Grunwald, na upanga wake si butu. Mchezaji huvua joho lake jioni. Ubatizo hauvuliwi.