"Sema Akipenda Mungu, Baba"

Mama yangu hakuwa mtu wa kugombeza. Nilipomwambia, miaka mingi iliyopita, kwamba mwezi ujao tunaufikia mwamba na kabla pamba haijavunwa nyumba yake itakuwa na bati, aliuweka ungo chini, mtama ukiwa bado na makapi, akaniangalia. "Sema akipenda Mungu, baba."

Sikusema. Niliona hayo ni maneno ya watu wasio na hesabu, na mimi hesabu nilikuwa nazo kwenye daftari. Duara letu, yaani shimo la kuchimba dhahabu, lilikuwa upande wa Geita. Sikuwa nikishuka, nilikuwa mfadhili, mtu anayetoa fedha ya chakula cha vijana, matimba na mafuta ya pampu, kisha mawe yakitoka anagawana na wachimbaji na mwenye eneo. Daftari lilikuwa na kila kitu: viroba vingapi, karasha lini, gramu ngapi. Lilikuwa hata na idadi ya bati.

Kwenye futi ya sitini maji yakaingia. Pampu ilivuta usiku na mchana siku tisa, ya kumi ikakata roho. Vijana wakaondoka mmoja mmoja kufuata walikosikia kumetema dhahabu, na sikuwalaumu, kila mmoja alikuwa na watoto. Viroba vichache tulivyokuwa tumetoa tukavipeleka karashani. Mawe yakasagwa, vumbi likaoshwa, zebaki ikakamuliwa kwenye kitambaa, ikachomwa. Kilichobaki kilikuwa kipunje cha ukubwa wa mtama. Mnunuzi alikiweka kwenye mizani yake: gramu moja na nusu. Nilisimama pale mlangoni na daftari langu kwapani, jasho likinitoka.

Nimeyakumbuka haya kila mara ninapowaza habari ya Nyangarata. Tarehe 5 Oktoba 2015, duara liliporomoka pale Nyangarata, wilayani Kahama. Wapo waliookolewa mapema. Sita wakabaki chini, na siku zilivyopita watu wakawahesabu kuwa marehemu. Tarehe 15 Novemba, watano kati yao wakatolewa wakiwa hai. Siku 41. Walikuwa wamekula mizizi, magome, mende na vyura, na maji yaliyodondoka kwenye mwamba waliyakinga kwa kofia zao za kazi. Hayo magome hunisimamisha. Chini ya ardhi hakuna mti isipokuwa timba, na nadhani nguzo zilizowekwa kuwazuilia udongo ndizo walizozibandua wakatafuna.

Kazi ya duara huchagua wenye nguvu. Ukiwatazama vijana wakishuka kwa kamba asubuhi, mabega na mikono ile, unaelewa kwa nini mtu wa miaka ishirini na mitano anajiona hawezi kushindwa na kitu. Lakini kifusi hakijui misuli. Wale wa Nyangarata nguvu ziliwaishia. Kilichowatoa ni masikio ya watu wengine: wachimbaji wenzao waliokuwa karibu walisikia sauti kutoka chini ya ardhi, wakaamini wanachosikia, wakachimba. Mimi nauona hapo mkono wa Mungu, na siuoni kuwa mdogo kwa kuwa umekuja kwa njia ya wachimbaji.

Wa sita alifia chini. Simjui mtu anayeweza kusimama mbele ya mama yake na kusema kwamba watano waliomba vizuri kuliko yeye. Nisingethubutu. Kumtegemea Mungu hakukupi stakabadhi ya kwamba utatoka. Nafikiri hapo ndipo kiburi chetu huumia zaidi, kwa sababu tunataka msaada tunaoweza kuuagiza. Kwetu huku tumeiona tamaa hiyo ikifika pabaya kabisa. Mtu anataka duara liteme kwa amri yake, anakwenda kwa mganga, na mganga anamtuma alete kiungo cha binadamu mwenzake mwenye ualbino. Watoto waliuawa na kukatwa viungo Shinyanga, Geita na Mwanza. Wengine wakalelewa kwenye kituo cha Buhangija mjini Shinyanga, mbali na mama zao, ili tu wawe hai. Januari 2015, miezi tisa kabla ya Nyangarata, serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Marufuku ilihitajika. Lakini ni sheria gani itakayoingia ndani ya moyo wa mtu anayeamini kwamba riziki inaweza kulazimishwa?

Wala sisemi watu waache matimba wakakae kwenye maombi. Anayebana fedha ya nguzo halafu anasema Mungu atawalinda vijana, huyo anamjaribu Mungu kwa roho za watu wengine. Januari 2017 huko Nyarugusu, Geita, watu 15, mmoja wao raia wa China, walifukiwa mgodini, na baada ya siku tatu wakatolewa wote wakiwa hai. Kulikuwa na mitambo na wataalamu, na juu ya mgodi watu wakiomba. Sijaona sababu ya kugombanisha mitambo na maombi.

Bati za mama zilipatikana miaka mitatu baada ya lile duara. Sehemu ilitoka kwenye pamba. Sehemu kubwa ilikuwa fahali wa mjomba, ambaye nilipokuwa na daftari langu nilikuwa nikipita nyumbani kwake bila kugeuka, kwa sababu alikuwa amenishauri nilime. Alimleta yule fahali mwenyewe hadi mnadani, hakunikumbusha neno. Mvua ya kwanza ilipopiga juu ya bati tulikuwa ndani sote watatu, na kwa kelele ile hatukuweza kuzungumza. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, amefumba macho. Niliona midomo yake ikisema, "Wabeja," asante ya Kisukuma. Hakuwa ameelekea upande wangu, wala wa mjomba.