Nasaha za Kuipanga Nyumba Yenye Shughuli Nyingi

Nyumba ya watu wanane katika mji kama Dar es Salaam huwa na wazazi wanaotoka alfajiri, watoto wa madarasa tofauti, mpwa aliyekuja kusoma, bibi aliyeletwa kutibiwa na dada wa kazi. Kila mmoja ana saa yake ya kutoka na haja zake. Mara nyingi mpango wote wa nyumba ya namna hii umo kichwani mwa mama. Yeye ndiye anayejua unga umebaki kiasi gani, sare ya nani haijafuliwa, dawa za bibi hunywewa saa ngapi na umeme utaisha lini. Akiitwa msibani kwa wiki moja, wanaobaki huanza kupigiana simu. Nyumba inayomtegemea mtu mmoja kiasi hicho haijapangwa bado, hata kama inang'aa kwa usafi.

Daftari moja la kawaida linatosha kuanzia, mradi likae jikoni au sebuleni na si chumbani kwa wazazi. Humo huandikwa namba ya mita ya umeme wa LUKU, simu ya mwalimu wa darasa, ya bodaboda anayeaminika, ya muuza gesi na ya fundi bomba, pamoja na siku za kliniki na vipimo vya dawa. Ukurasa wa deni la dukani ndio huleta amani zaidi. Anayechukua sukari kwa mangi, yaani mwenye duka, huandika mwenyewe siku ileile. Deni linalojulikana na mkopaji na muuzaji tu huishia kwenye ugomvi mwisho wa mwezi, na mara nyingi anayeshukiwa ni yule asiye na sauti.

Asubuhi hutengenezwa usiku. Sare, viatu na mkoba viwe tayari kabla ya kulala, na nauli ya daladala iwe imechenjiwa, kwa sababu saa kumi na moja na nusu alfajiri hakuna mwenye chenji ya elfu kumi. Zamu ya bafu ifuate saa ya kutoka, si umri, isipokuwa kwa mzee anayeamkia sala. Hata hivyo, haraka haifuti shikamoo. Mtoto anayempita bibi yake mlangoni bila kumwamkia huwa ameiga wakubwa, na wakubwa ndio wa kujirekebisha kwanza.

Maji yana adabu zake, hasa yanapotoka bombani kwa mgawo. Anayeyakuta yanatoka ndiye anayejaza, awe baba au mtoto. Kusubiri mwenye kazi hiyo ni kulala na ndoo tupu. Kujaza pekee hakutoshi. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hutaga kwenye kuta za ndani za mapipa na ndoo, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai hayo hushikamana na chombo na huweza kustahimili ukavu kwa miezi, kisha yakaanguliwa maji yanaporudi. Kutoka yai hadi mbu kamili huchukua kama wiki moja hadi siku kumi. Ndiyo maana pipa linapaswa kusuguliwa kuta zake kila wiki, wala si kumwagwa maji tu, na mfuniko uwe unaokaza. Siku ya kazi hiyo itajwe, tuseme Jumamosi, na ibaki hiyohiyo.

Jikoni, kosa la nyumba zenye haraka ni kununua vingi mara moja na kuvisahau. Dona huharibika mapema kuliko sembe kwa sababu kiini chenye mafuta hakikuondolewa, basi lisagwe la wiki chache tu. Gunia la mahindi au karanga likae juu ya chaga, mbali na ukuta, kwani unyevu hukuza kuvu watoao sumukuvu, na kupika hakuiondoi sumu hiyo. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yaliyochafuliwa nayo. Wali uliobaki nao usilale jikoni hadi asubuhi, maana kuna bakteria ambao chembe zao hustahimili kupikwa, na sumu yao haiondoki kwa kupashwa moto. Pasipo na friji, dawa ni kupika kwa kipimo. Mafuta ya taa yasitiwe kamwe kwenye chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi lebo.

Chakula cha atakayechelewa kitengwe kabla wengine hawajapakua. Kumbakishia mtu ukoko na mchuzi usio na nyama, kisha kumwambia mbona umechelewa, ni utovu wa adabu unaopita kimyakimya katika nyumba nyingi.

Kazi za watoto zigawanywe kwa wiki, si kwa siku, kwa kuwa zamu ya kila siku huzaa mabishano ya kila siku. Wavulana wasiachwe nje. Kijana wa miaka kumi anayeweza kucheza mpira saa mbili anaweza kuosha sufuria.

Dada wa kazi ndiye kipimo halisi cha mpangilio. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, mapumziko ya saa 24 kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Katika nyumba nyingi yeye ndiye wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala. Kwenye kazi huitwa mfanyakazi, na kwenye mshahara huitwa mtoto wa nyumbani. Apokee maagizo kutoka kwa mtu mmoja, asikaripiwe mbele ya watoto, na ale kutoka chungu kilekile.

Kuhusu fedha, mwezi wa kuchungwa ni Januari, wenye ada, sare na madaftari kwa pamoja. Aliye kwenye mchezo wa fedha wa kupokezana aombe zamu yake iangukie Desemba. Vyeti vya kuzaliwa, kadi za bima na hati ya kiwanja vikae katika mkoba mmoja usiopenya maji, na watu wazima wasiopungua wawili wajue ulipo.

Mwisho ni wageni. Methali humpa mgeni jembe siku ya tatu, na mjini jembe ni zamu ya vyombo. Ndugu aliyekuja kukaa aelezwe mapema, kwa upole, saa ya kufunga geti, utaratibu wa maji na kazi yake ya wiki, kabla manung'uniko hayajaanza. Wazee na wagonjwa hawaingizwi kwenye zamu.