Nyumba ya Mzee: Ni Sadaka au ni Haki?

Mzee asiye na nguvu tena ya kukata miti wala ya kuezeka nyasi, nani atamjengea? Wengi hujibu upesi: watoto wake. Wasema kweli, kwani amri ya nne ya Mungu haikomi siku mtoto anapooa. Lakini wako wazee waliofiwa na watoto wao wote. Wako waliokimbia vita, wakapotezana na jamaa. Wako wajane wanaofukuzwa kwa kusingiziwa uchawi. Hao nao, ni nani atawajengea?

Wakristu wa zamani walijiuliza neno hilo. Katika mji wa Augsburg, nchi ya Ujerumani, alikuwako mfanyabiashara tajiri, jina lake Jakob Fugger. Mwaka 1521 aliweka mali kwa ajili ya nyumba za Wakatoliki maskini wa mji ule. Mahali pale huitwa Fuggerei: ni kama kijiji kidogo ndani ya mji, chenye kanisa lake. Vita vilikibomoa mwaka 1944, nacho kikajengwa tena. Hata leo watu wapatao 150 hukaa humo, na wazee wamo kati yao.

Kila makao yana mlango wake. Kodi ya mwaka mzima haifiki euro moja: ni senti 88 tu. Tena wakaaji hutakiwa kusali kila siku Baba Yetu, Salamu Maria na Nasadiki kwa ajili ya Fugger na jamaa yake.

Kodi ndogo namna hiyo yafaa nini? Haimtajirishi mtu, lakini yamlinda maskini heshima yake. Anayelipa si mwombaji: amepokea, naye anatoa. Mapendo yasiyomwachia maskini kitu cha kutoa humshusha.

Wengine watauliza: Je, nyumba za namna hiyo hazitawafundisha watoto uvivu? Watasema, «Jumuiya itamtunza baba,» kisha wataenda zao. Hatari hiyo ni ya kweli. Yezu aliwakemea watu waliotumia sadaka ya Hekalu kuwa kisingizio cha kuwanyima wazazi wao msaada. Kwa hiyo nyumba ya jumuiya ni ya mzee asiye na mtu. Haimfungui mtoto deni lake.

Tena isijengwe porini, mbali na maji na kanisa. Mzee aliyewekwa mbali amepewa kuta, lakini amenyimwa watu.

Basi, ni sadaka au ni haki? Shamba wanalolima vijana leo, wazee ndio waliofyeka pori lake. Njia wanayopita, wazee ndio waliotangulia kuipita. Hata mzee asiyezaa amekilea kijiji. Kumjengea ni kulipa deni, na deni ni jambo la haki. Mapendo huongeza juu ya haki. Hayakai mahali pake.

Mkatekumeni hana mali ya Fugger, lakini ana mikono. Akiungana na wenzake, matofali ya udongo na nyasi za paa hupatikana. Naye mzee, akiisha kuingia nyumbani mwake, aombwe awasalie vijana wanaojitayarisha kwa ubatizo. Hiyo ndiyo kodi yake, wala hakuna atakayemwita mwombaji.