Je, Mtoto Asiyeamkia Amekosa Adabu?

Katika mji wetu wa Dar es Salaam mtoto hupimwa kwa shikamoo. Akipita Mtaa wa Msimbazi na mama yake, wakakutana na mzee, naye asimwamkie, watu hutazamana, na neno la wahenga hutolewa upesi: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Neno hili ni jema, lakini twaona limekuwa fimbo ya kuwapigia akina mama wengi wasio na hatia.

Maana wako watoto ambao ubongo wao, tangu mwanzo, huyapokea mambo ya dunia kwa njia nyingine. Hali hii yaitwa usonji. Haiambukizi, si pepo, wala hailetwi na malezi. Wengine hawasemi kabisa; wengine husema sana, tena wana elimu, ila hawawezi kuisoma nia ya mtu usoni pake. Wengi huumizwa na kelele. Fikirini Kariakoo saa sita mchana: vipaza sauti vya wauzaji, honi za bajaji, wasukuma mikokoteni wakiomba njia. Sisi twazisikia kama hatuzisikii. Mtoto huyu huzisikia zote pamoja. Akiziba masikio na kujitupa chini, watu husema amedekezwa.

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hii. Aliona kwamba waliosema waliyarudisha maneno kama walivyoyasikia, hata wakajiita “wewe” badala ya “mimi”. Sasa itazameni salamu yetu. Mzee asema, “Hujambo?” Mtoto yampasa kuligeuza neno, aseme, “Sijambo.” Mwenye usonji pengine hujibu, “Hujambo?” Mama akimnong’oneza kwa haya, “Sema shikamoo,” yeye hutamka, “Sema shikamoo.” Watu hukasirika, wakidhani ni dhihaka. Kumbe amejibu! Amelipokea neno la mkubwa, akalirudisha zima.

Lawama hii si ya kwetu tu. Bruno Bettelheim, katika kitabu chake cha 1967, aliitafuta sababu ya usonji katika ubaridi wa wazazi, hasa mama, ijapokuwa Bernard Rimland, mwenye mtoto wa hali hii, alikuwa amekwisha kuyapinga mawazo hayo tangu 1964. Huko walisema mama hakumpenda mtoto. Huku twasema amempenda mno hata akamharibu. Maneno hayo yapingana, na mlaumiwa ni yule yule.

Basi heshima ni nini? Kama ni sauti ya kinywa tu, mlaghai wa sokoni atushinda sote, maana humwamkia kila mnunuzi. Sisi twadhani ni kumpa mtu nafasi yake, na mwenye kuweza zaidi ndiye aanze. Katika Ilala, Shule ya Msingi Msimbazi Mseto huwafundisha watoto wenye usonji. Walimu wetu wa Jumapili wangefaidika kwenda kuuliza huko. Hata kabla ya hapo, mama aweza kupewa kiti karibu na mlango, ili matarumbeta yakianza mtoto apate kutoka, asizuiwe wala asiulizwe.